Monita ya Mama Musimbi

Kila alasiri Cherono alipotoka shuleni, alifuata utaratibu uleule. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akanywa chai iliyoachwa kwenye thamosi, kisha akaenda kumkatia ndama majani. Akimaliza hayo, alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kwa kuwa hilo lilikuwa sharti la babake. Ndipo alipoingia sebuleni na kukiondoa taratibu kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta kwenye meza ya pembeni.

Kompyuta hiyo haikuwa yao. Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwa Mzee Kipyego, babake Cherono, katika mtaa wa Kapsoya, aliambiwa hivyo hata kabla ya kuuliza. "Hiyo ni ya Mama Musimbi," mzee angesema. "Sisi tunamwekea tu."

Cherono alipokuwa mdogo, Mama Musimbi alikuwa jirani yao wa ua kwa ua. Jina lake hasa lilikuwa Maximilla, lakini mtaani walimwita kwa jina la bintiye. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa ofisi ya kupiga chapa. Watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi, naye alizipiga huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Cherono na Musimbi walikaa sakafuni chini ya meza, wakichora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Chumba kilinukia wino na karatasi yenye joto. Asubuhi monita ilipowashwa, walishindana kuweka mikono karibu na kioo chake kikubwa kilichobinuka, ili vinyweleo visimame na kuwatekenya.

"Msinigusie kioo kwa vidole vyenye mandazi!" Mama Musimbi angefoka, kisha angewakatia kipande kingine cha andazi.

Siku hizo zilikoma ghafla. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya uchaguzi, moshi wa nyumba zilizochomwa ulianza kuonekana upande huu wa mji, kisha upande ule. Watu wa makabila tofauti waliosalimiana kila siku wakaacha kutazamana machoni. Jioni moja Mama Musimbi alikuja kwenye ua akiwa amembeba mtoto wake mchanga mgongoni na kumshika Musimbi mkono.

"Baba Cherono," alisema, "tunakwenda kulala kituo cha polisi. Tukipata lori, tutafika Bungoma kwa kaka yangu. Ile kompyuta siwezi kuibeba. Nikirudi, nitaikuta. Nisiporudi, mtoto wako ajifunze nayo."

"Utarudi," Mzee Kipyego alimjibu. "Nawe utaikuta kama ulivyoiacha."

Usiku haujaingia sawasawa, mzee aliruka ua akaleta kompyuta, kisha akaibeba monita ile nzito kifuani, ikiwa imeviringishwa blanketi. Keshoye ofisi ilivunjwa. Viti vikachukuliwa, rafu zikang'olewa. Siku chache baadaye kundi la vijana likasimama langoni kwa Mzee Kipyego likiuliza kama kuna mali ya watu waliotoroka. Cherono alikuwa amejificha chini ya meza, ameikumbatia monita kama mtu anayemkumbatia mdogo wake. Alimsikia babake akisema polepole, bila kupandisha sauti:

"Kilicho chini ya paa langu kiko chini ya paa langu. Anayekitaka aanze na mimi."

Mwishowe nyayo zikaondoka.

Miaka miwili ikapita. Mtaa ulitulia, lakini Musimbi hakurudi. Nafasi yake darasani ilichukuliwa na msichana mwingine, mwema tu, ila hakujua kuchora farasi. Mama Musimbi alipiga simu mara kwa mara kutoka Bungoma. Siku moja alicheka na kumwambia mamake Cherono, "Hellen, msiifunike hiyo mashine kama maiti! Isipotumika itaharibika. Mwache Cherono ajifunze kupiga chapa." Mama Cherono alikubali, na Mzee Kipyego akaweka lile sharti la kunawa mikono.

Hivyo ndivyo Cherono alivyoanza. Alipofika darasa la saba, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Tatizo lilikuwa macho. Akikaa mbele ya kioo kwa muda, macho yalimtoka machozi, na kipaji cha uso kikamgonga kama ngoma. Ukiitazama monita kwa pembe ya jicho, picha ilionekana ikitetemeka.

Alimweleza Mwalimu Murunga, aliyewafundisha sayansi.

"Ni monita za zamani, zile zenye kisogo kikubwa?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi sikiliza. Picha ya kioo kile haikai. Ikichorwa, inafifia papo hapo, kwa hiyo inachorwa upya tena na tena, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Yako bila shaka inachorwa mara sitini kwa sekunde. Ni nyingi, lakini jicho bado linahisi ule mtetemo na kuchoka. Ipandishe ifike sabini na tano, au themanini na tano. Kompyuta itakuonyesha kasi ambazo monita yako inaziweza. Chagua katika hizo. Zisizoonyeshwa usizitafute."

Jioni hiyo Cherono aliipandisha ikafika themanini na tano. Picha ikatulia kama maji ya ndoo iliyowekwa chini. Akapiga chapa ukurasa mzima, macho yakiwa makavu. Alimwita mamake aje aone, na mamake akasema haoni tofauti yoyote, lakini anaona mtoto wake hasugui macho. Hilo lilimtosha.

Likizo ya Agosti ilipofika, Kimeli alikuja kukaa nao. Alikuwa mtoto wa kaka yake Mzee Kipyego, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni karibu na Turbo. Kimeli alikuwa mcheshi na mchapakazi, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukiacha kitu kilivyo. Redio aliifungua aone ndani. Baiskeli aliilegeza breki ili iende mbio zaidi. Alikuja na diski yenye mchezo wa mbio za magari, na siku ya pili tu alikuwa ameketi kando ya Cherono mbele ya kompyuta, wazazi wakiwa kazini.

"Kasi yake ni ngapi?" aliuliza.

"Themanini na tano," Cherono alijibu kwa fahari.

"Themanini na tano? Huo ni mwendo wa trekta! Shuleni kwetu kuna jamaa alikanyagia yake ikafika mia na ishirini. Anasema magari yanateleza kama mafuta."

"Hii haionyeshi zaidi ya themanini na tano."

"Inazificha. Hebu nipe kipanya."

Akamwonyesha mahali penye kisanduku kidogo chenye alama ya tiki. Kompyuta ilikuwa ikificha kasi zote ambazo monita isingeziweza, na ukiiondoa tiki zilijitokeza zote. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza. Cherono aliyasoma mara mbili. Yalionya kwamba kufanya hivyo kungeweza kuharibu kifaa.

"Umeona wanavyosema?" aliuliza.

"Wacha uoga. Hayo huandikwa ili mtu asije akawashtaki. Jaribu mia tu. Ikikataa, inarudi yenyewe."

Cherono akaondoa tiki, akachagua mia. Kioo kikawa cheusi, kisha picha ikarudi. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuiacha hivyo. Akakubali. Kimeli akashangilia, wakacheza mchezo wao, magari yakapiga kona.

"Unaona tofauti?"

Cherono alikodoa macho. Alitazama magari, akatazama miti ya pembeni, akatazama hata maandishi. "Naona," alisema, ingawa kusema kweli hakuona chochote. Alichogundua ni sauti. Ndani ya monita palikuwa na mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua.

"Sasa mia na ishirini," Kimeli akasema.

"Hii ni ya watu, Kimeli."

"Si walisema uitumie? Mara moja tu, tuone, halafu tunairudisha."

Mkono wa Cherono ulikaa juu ya kipanya kwa muda. Alikumbuka maneno ya Mwalimu Murunga. Pia alikumbuka jinsi kasi ya mia ilivyokubali bila shida, na Kimeli alikuwa akimtazama kwa lile tabasamu lake la kumdhihaki. Akabofya.

Mlio ule ukapanda ghafla. Picha ikajikunja katikati kama nguo inayokamuliwa, ikapasuliwa na mstari mweupe, kisha ndani kukasikika *ta!* na kioo kikazimika. Harufu ya kitu kilichoungua ikatoka kwenye matundu ya nyuma.

"Chomoa! Chomoa!" Kimeli alipiga kelele, na Cherono akaichomoa waya.

Walingoja ipoe. Walipoiwasha tena, kompyuta ilinguruma kama kawaida, lakini monita ilipepesa kitaa chake kidogo tu, na kioo kikabaki cheusi. Walijaribu tena. Hapakuwa na kitu.

Cherono alikaa sakafuni. Hakuweza hata kulia.

"Sikiliza," Kimeli alisema, sauti yake ikiwa chini. "Hii kitu imepita kwenye vita. Ilirushwa juu ya ua usiku, si ndiyo? Ukisema iliharibika kutokana na yale mambo ya wakati ule, nani atabisha? Hata Mama Musimbi mwenyewe atasema afadhali waliokoa roho zao."

Cherono aliirudisha mahali pake, akaifunika kitambaa, akayapanga maua yaliyofumwa humo yakae sawa.

Mamake alikuwa wa kwanza kuona kwamba kitambaa hakiondolewi tena. "Mbona hupigi chapa siku hizi?" aliuliza. Cherono alisema kichwa kinamuuma. Na kweli kilikuwa kinamuuma.

Wiki iyo hiyo Mzee Kipyego alirudi kutoka kwenye ghala la nafaka alikofanya kazi akiwa na uso unaong'aa. Mwezi huo wananchi walikuwa wamepiga kura ya maoni kuhusu katiba mpya. Watu wengi walikuwa wamengoja siku hiyo huku roho zikiwa juu, wengine wakiwa wamefunga mizigo kabisa, lakini kura ilipigwa, ikahesabiwa, na usiku ukapita kwa amani.

"Mama Musimbi amepiga simu," alisema hata kabla ya kuketi. "Anakuja Jumamosi na Musimbi. Anataka kutazama kama anaweza kufungua ofisi tena hapa."

"Musimbi anakuja?" Cherono alisimama wima.

"Anakuja! Hellen, tutachinja yule jogoo." Mzee alikwenda akaupitisha mkono juu ya kitambaa cheupe, bila kukiinua. "Kuna kitu kimoja tu nilichoweza kukiokoa siku zile. Na atakikuta kama alivyokiacha."

Cherono alitoka nje akajifanya anamwangalia ndama. Kwa miaka miwili alikuwa ameomba Musimbi arudi, na sasa alikuwa akiiogopa Jumamosi.

Mara mbili alijaribu kumwambia babake. Mara ya kwanza mzee alikuwa akipaka lango rangi. Mara ya pili alikuwa akimweleza jirani, kwa mara ya tatu, jinsi Mama Musimbi atakavyofurahi. Mara zote mbili aligeuka akarudi kwa ndama.

Jumamosi ikafika. Musimbi alikuwa amerefuka sana, na mwanzoni wasichana wale wawili walisalimiana kwa mkono kama wageni kwenye mkutano. Kisha Musimbi akanong'ona, "Bado unachora farasi mwenye miguu mitano?" na wote wakaangua kicheko. Walikwenda hadi kwenye ua wa nyuma. Katika nyumba ya zamani ya kina Musimbi palikuwa na wapangaji wengine, na nguo za watoto wasiowajua zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Musimbi alitazama dirisha la ile ofisi, lililozibwa kwa mbao.

"Hapo ndipo tulipokuwa tukikaa," alisema. "Bungoma nina marafiki, Cherono. Lakini hakuna anayepajua hapo."

Mama Musimbi naye alikuwa amebadilika. Alikuwa amekonda, na kila gari lilipopita kwa kelele barabarani, aligeuza kichwa. Alikula kidogo tu. Alisifu kuku, akasifu maziwa lala ya Mama Cherono, lakini mkoba wake haukutoka magotini.

"Sasa," Mzee Kipyego alisema vyombo vilipoondolewa, "kuna kitu chako."

Alikiondoa kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu anayefunua meza ya Bwana. Monita ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Mama Musimbi alisimama, akaigusa juu kwa kiganja, na machozi yakamlengalenga. Mzee akabonyeza swichi. Kompyuta ikanguruma. Kitaa kikapepesa. Kioo kikabaki cheusi.

Mzee akazima, akawasha tena. Akaangalia waya. "Ngoja," alisema. "Ilikuwa inafanya kazi. Cherono alikuwa anapiga chapa juzi tu..."

Mama Musimbi aliondoa mkono wake polepole.

"Basi walifika hata humu ndani," alisema.

"Hapana, Mama Musimbi. Hakuna mtu aliyeingia hapa. Nakuapia."

"Baba Cherono, usijisumbue." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Wewe ulifanya ulichoweza. Ulinificha ukweli ili nisiumie, nami nakushukuru. Kosa ni langu. Nilijidanganya kwamba palikuwa na mahali pamoja ambapo hawakupafikia." Akafunga zipu ya mkoba. "Musimbi, vaa sweta. Tutapata gari kabla ya mvua."

Kimeli, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alimtazama Cherono. Alichotaka kukisema kilisomeka usoni pake: mambo yamejisawazisha yenyewe, hakuna haja hata ya kusema uwongo. Inatosha kunyamaza.

Cherono alimwona Musimbi akiingiza mkono wa kwanza kwenye sweta.

"Ni mimi!" alisema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi niliyeiharibu, Mama Musimbi. Si wakati wa vita. Ni juzi, kwenye likizo hii. Ilikuwa nzima kabisa. Niliipandisha kasi ya picha kupita inavyoweza, ikalia, ikaungua." Alimeza mate. "Nilionywa na Mwalimu, na kompyuta yenyewe ikanionya. Nikaendelea."

"Mimi ndiye niliyemwambia," Kimeli alisema, akisimama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Na mimi ndiye niliyesema tusingizie vita."

"Lakini mkono ulikuwa wangu," Cherono alisema.

Mama Musimbi akaketi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo na bado haamini kwamba umeshuka.

"Kwa hiyo hakuna aliyeivunja kwa chuki?"

"Hakuna, Mama. Baba alisimama langoni. Waliondoka. Mimi nilikuwa chini ya meza, niliwasikia."

Mama Musimbi alijifunika uso kwa leso. Mabega yake yakatikisika. Cherono alidhani analia, na pengine alikuwa analia, lakini leso ilipoondoka palikuwa na kicheko pia kilichochanganyika na machozi. Kilidumu kidogo tu. Akamkazia macho Cherono.

"Usidhani kwamba nacheka kosa lako. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilishia watoto."

"Najua, Mama."

Mzee Kipyego hakufoka. Alikuwa amesimama kando ya meza, bado ameshika kile kitambaa cheupe. "Ungeniambia siku ileile," alisema. "Kitu kuungua, kinaungua. Lakini nilikuapia mgeni wangu mbele yako, na ulikuwa unajua kwa nini haiwaki. Ungeniacha nionekane mwongo nyumbani kwangu." Akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya kiti, na kutoka nje. Maneno hayo yalimchoma Cherono kuliko kiboko.

Mzee alikaa nje mpaka manyunyu yakaanza. Aliporudi, alimkuta Mama Musimbi ameshaweka mkoba chini na Mama Cherono anachemsha chai nyingine. Musimbi alikuwa amevua sweta.

Jumatatu asubuhi Kimeli na Cherono waliipeleka monita mjini, ikiwa imeviringishwa blanketi, kwa fundi mmoja kijana aliyekuwa na kibanda nyuma ya Barabara ya Uganda. Jina lake lilikuwa Purity. Aliifungua nyuma, akanusa, akaonyesha kwa bisibisi kipande cheusi kilichoungua.

"Hiki ndicho kinachokimbiza mwanga kutoka kushoto kwenda kulia," alisema. "Mlikikimbiza mpaka kikakata pumzi. Monita nyingine zikipewa kasi zisizoziweza huzima zenyewe na kukataa. Hii ni ya zamani, haina kinga hiyo. Inatii tu mpaka inakufa."

"Itapona?" Cherono aliuliza.

"Nina monita iliyokufa kioo, kipande chake kinaingia hapa. Itawaka, lakini haitakuwa kijana tena. Msiisumbue."

Kazi ya fundi ililipwa kwa jasho la Kimeli. Likizo yote iliyobaki alichimba mashimo ya nguzo za ua kwenye shamba la jirani, viganja vikatoa malengelenge, naye hakulalamika hata siku moja. Kabla ya kurudi shuleni alimwendea Mama Musimbi jikoni kumwomba radhi peke yake. Walichozungumza hakuna aliyekijua, ila Kimeli alitoka akiwa ameinamisha kichwa na ameshika andazi.

Mama Musimbi alikaa kwa kina Cherono na hakuondoka tena Kapsoya ila kwenda kumchukua mtoto wake mdogo na mizigo. Mwezi wa Septemba alipata chumba kando ya barabara, si kikubwa kama kile cha zamani, na watu waliokumbuka kazi yake wakaanza kuulizana kama ni kweli amerudi. Siku ya kufungua ofisi, Cherono na Musimbi walifika moja kwa moja kutoka shuleni, wakiwa bado na mikoba mgongoni. Chumba kilinukia rangi mbichi na karatasi.

Monita iliwaka. Upande mmoja wa picha ulikuwa umepinda kidogo, lakini maandishi yalisomeka vizuri. Fundi alikuwa ameirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, tiki mahali pake, na picha ilikuwa ikitetemeka kwa ile kasi ya sitini.

"Cherono," Mama Musimbi aliita. "Njoo uniwekee kasi yake."

Cherono alisita mlangoni. "Mimi, Mama?"

"Kuna Cherono mwingine hapa?"

Alinawa mikono kwanza kwenye karai. Akaketi, akafungua mahali palepale, akaona kile kisanduku chenye tiki na kukiacha kilivyo. Kati ya kasi zilizoonyeshwa akachagua sabini na tano. Picha ikatulia.

"Mbona hukuiweka themanini na tano?" Mama Musimbi aliuliza, akiwa amesimama nyuma yake. "Si inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Lakini macho hayaumi hata kwa sabini na tano, na fundi alisema imezeeka."

Mama Musimbi alivuta kiti akaketi karibu naye. Musimbi aliacha kupanga karatasi ili asikie.

"Ulipoitoa sitini ukaipandisha, hukukosea," Mama Musimbi alisema. "Macho yako yalikuwa yanaumia, ukauliza anayejua, ukaipandisha pale inapoweza. Hiyo ni akili. Mtu asiyejaribu chochote hajifunzi. Lakini ulipofika mia, uliona nini kizuri zaidi?"

"Sikuona kitu, Mama. Nilisema naona, lakini sikuona."

"Basi ulikiweka hatarini kitu cha mwenzio kwa faida ambayo hata macho yako hayakuiona. Siku nyingine ukitaka kukisukuma kitu kupita kipimo chake, kiwe mashine au hata mwili wako, jiulize kwanza: nitapata nini? Naweza kupoteza nini? Na hicho kitakachopotea, ni cha nani?"

"Nimesikia, Mama."

"Bado sijamaliza. Monita nilikuwa nimeshaisamehe kabla chai haijachemka siku ile. Monita hutengenezwa. Lakini ungenyamaza, ningepanda gari na kurudi Bungoma nikiamini kwamba hata nyumba ya babako iliingiliwa, na nisingekanyaga hapa tena. Kwa neno moja usilolisema, ungenipotezea majirani wote. Hao, Cherono, ningewapeleka kwa fundi gani?"

Cherono alimgeukia Musimbi.

Mlangoni mtu alibisha hodi. Alikuwa mzee mmoja wa kutoka Cheptiret, amevaa koti zito na kofia, ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mwanawe alikuwa anaoa Desemba, alisema, naye alitaka kadi zipigwe chapa mapema, na ameambiwa kwamba yule mama wa zamani amerudi.

"Amerudi," Mama Musimbi alisema. "Karibu, Mzee, keti." Akaipokea karatasi, akaitazama, kisha akampa Musimbi. "Wewe soma kwa sauti. Na wewe, Cherono, piga chapa. Polepole, usiharibu majina ya watu."

Musimbi akaanza kusoma, na vidole vya Cherono vikaanza kukimbia.